Uzi Kinywani mwa Mkaguzi

Katika nyumba ya Fundi, hakuna nguo iliyotoka mlangoni bila kukaguliwa na paka. Sketi ikimalizwa na kutandazwa mezani ipigwe pasi, paka alipanda. Aliinusa, akaizunguka, kisha akakaa katikati yake kama mwenye nyumba. Asipokaa, Fundi alisema kwa utani kwamba nguo hiyo lazima ina kasoro. Ndiyo maana walimwita Mkaguzi.

Fundi ni mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Anashonea katika chumba cha mbele. Humo mna cherehani ya miguu, meza ndefu ya kukatia, pasi, na kioo cha wateja kujitazamia. Mume wake ni mpaka rangi wa majumba. Hutoka asubuhi na ndoo, hurudi jioni na madoa.

Mama wa mume wake, Bibi, huketi karibu na dirisha la chumba hicho. Bibi ndiye aliyemfundisha Fundi kushona, zamani, Fundi alipokuwa mkwe mpya asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano. Siku hizi macho ya Bibi yamefifia. Anaona mwanga na vivuli, basi. Mkaguzi alipomaliza ukaguzi wake, alikwenda kulala mapajani mwa Bibi. Hapo mikono ya Bibi, iliyozoea kazi maisha yote, ilipata kazi.

Bibi alikuwa na sheria moja kwa kila aliyemfundisha: kazi ikiisha, okota kila uzi. Hakueleza kwa nini. Alisema tu, "Chumba cha fundi si kiota cha ndege." Fundi aliishika sheria hiyo miaka mingi. Lakini macho ya Bibi yalipofifia, Fundi naye alilegea. Kazi zikiwa nyingi, nyuzi zilibaki sakafuni mpaka kesho, na kesho yake zikabaki tena. Nani angeziona?

Asubuhi moja Fundi alikuwa anashona sare za shule. Mkaguzi alikuja hadi chini ya meza, lakini hakupanda. Alisimama akijilambalamba midomo. Pembeni mwa mdomo wake uzi mwekundu ulikuwa unaning'inia, urefu wa kidole.

Mkono wa fundi ukiona uzi unaoning'inia hauombi ruhusa. Unavuta. Fundi akaushika ule uzi, akavuta. Haukutoka. Akavuta tena, kwa nguvu kidogo. Mkaguzi akalia kilio ambacho Fundi hakuwahi kukisikia, akamkwaruza mkono.

"Kuna nini huko?" Bibi akauliza kutoka dirishani.

"Hakuna kitu, Mama. Nimemkanyaga mkia."

Kisha Fundi akafanya kile anachofanya kila siku uzi ukikataa kutoka kwenye nguo. Akachukua mkasi mdogo, akaukata pale pale mdomoni. Uzi haukuonekana tena. Akarudi kwenye sare zake akiwa ameridhika kabisa.

Jioni ile Mkaguzi hakula. Kesho yake alitapika povu la njano. Alipewa samaki, akageuza uso. Alipewa maziwa, akayatazama tu. Nguo zikatoka mlangoni bila kukaguliwa.

"Amevimbiwa huyo," alisema mume. "Mafuta ya kupikia kijiko kimoja, atapona."

Akamshika Mkaguzi, akamfungua mdomo, akamimina. Mkaguzi akakohoa, mafuta mengine yakamtokea puani. Baada ya hapo alikwenda kujikunja chini ya meza ya kukatia. Hata Bibi alipomwita, hakutoka. Bibi akabaki ameketi, mikono mitupu mapajani.

Muuza maziwa, jirani yao, alipopita na madumu yake aliwakuta wote watatu wameinama chini ya meza.

"Mpelekeni hospitali ya mifugo, ile ya chuo," aliwaambia. "Ng'ombe wangu alikwama kuzaa, wakamtoa ndama akiwa hai. Lakini jiandaeni kuulizwa. Wale watu wanauliza! Mimi niliulizwa mpaka habari za fahali."

"Ya chuo?" mume akashtuka. "Si ndipo wanapojifunzia wanafunzi? Yaani Mkaguzi awe daftari la mazoezi?"

"Hata mimi sitaki," alisema Fundi. "Mnyama anaumwa, halafu apewe mtoto wa shule amshikeshike?"

Bibi akageuza uso wake upande wa sauti.

"Na wewe ulijifunzia wapi? Hewani? Nguo ya kwanza uliyokata ilikuwa ya mteja. Ulikuwa unatetemeka, nami nimesimama nyuma yako. Niliondoka?"

"Hukuondoka, Mama. Hata maji hukwenda kunywa."

"Basi twende tukaone nani anasimama nyuma yao."

Hapo Fundi akanyanyuka. Mwanamke yule akishaamua jambo, hakai tena. Alitoa mabaki ya vitambaa kwenye kapu lenye kifuniko, akatandika shuka kuukuu, akamtia Mkaguzi ndani. Mume alikuwa na ukuta wa watu wa kumalizia, akaahidi kuwafuata. Fundi akamshika Bibi mkono.

"Hafi huyu," alisema. "Simwachi afe."

Ukumbi wa kungojea ulikuwa na harufu ya sabuni na dawa. Mbwa walikaa upande mmoja na paka upande mwingine, ili wasitishane. Katikati aliketi mzee mmoja, amempakata kuku aliyefungwa taulo kama mtoto mchanga. Mama mmoja mwenye mbwa alimwona Fundi anavyotazama huku na huku, akamsogelea.

"Mara yako ya kwanza?"

"Ya kwanza. Daktari mwenyewe yuko wapi? Naona vijana tu."

"Mimi pia niliuliza hivyo, tena kwa hasira," yule mama akacheka. "Kwanza anakuja mwanafunzi, halafu mwalimu wake. Maswali yale yale, mara mbili. Unachoka. Lakini nikafikiri, mbwa wangu naye anatazamwa mara mbili. Mwalimu ndiye aliyeona uvimbe sikioni, na mwanafunzi ndiye aliyeona jino bovu. Usiwe na haraka tu."

Walipoitwa, walimkuta kijana mrefu mwenye koti jeupe. Mikono ya koti ilikuwa mifupi kwake, na upindo wa mkono mmoja ulikuwa umefumuka, umeshikizwa kwa pini. Fundi aliona pini kabla hajaona sura.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, bibi," kijana alisalimia. "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nitampima kwanza. Mwalimu wangu, daktari, atakuja kumpima tena. Sitampa dawa yoyote kabla mwalimu hajakubali."

"Marahaba. Haya, tuone," alisema Fundi.

Kijana alimpima Mkaguzi uzito na joto. Alisikiliza kifua. Alitazama ufizi, akalipapasa tumbo taratibu. Mikono yake ilikuwa mipole, Fundi hakuweza kukataa hilo. Huku akipima, alikuwa anauliza. Ameanza kuumwa lini? Anatapika nini? Hutoka nje? Amekula kitu kisicho cha kawaida?

"Hajala kitu kibaya," alijibu Fundi. "Anakula chakula cha nyumbani."

"Mlimpa dawa yoyote?"

"Hapana."

Bibi akakohoa. "Mafuta. Mwanangu alimpa mafuta ya kupikia."

Kijana akarudi tena kifuani kwa Mkaguzi, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mtu akimmiminia paka kitu kwa nguvu, kinaweza kuingia kwenye mapafu," alieleza. "Nashukuru mmeniambia, bibi. Mama, wewe unafanya kazi gani?"

"Umekuja kumtibu paka au kuniajiri?"

Kijana alicheka, lakini hakuliacha swali lake. "Paka hula vilivyomo nyumbani. Kwa muuza samaki ni miba. Kwa fundi umeme ni vipande vya waya."

"Ni fundi cherehani," Bibi akajibu kwa niaba yake.

"Aha. Je, mama, uliona uzi? Mdomoni, au kwa nyuma?"

Fundi alimtazama Bibi, aliyekaa wima kwenye kiti akisikiliza. Akaikumbuka sakafu ya chumba chake.

"Sikuona," alisema.

Mwalimu akaingia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Alimsikiliza mwanafunzi wake mpaka mwisho, bila kumkatiza. Kisha akaanza kumuuliza Fundi upya, tangu mwanzo.

"Yote hayo nimeshamwambia kijana wako," alisema Fundi.

"Najua, mama. Mtu akiulizwa mara ya pili hukumbuka alichosahau. Mimi simtafuti mkosaji. Nakitafuta kinachomuua huyu paka."

Kinachomuua. Fundi alihisi neno hilo likimchoma. Alimtazama Mkaguzi mezani. Macho yalikuwa yamezama, manyoya yamesimama ovyo. Fundi mwenyewe ndiye aliyesema hamwachi afe. Sasa alikuwa anamficha daktari kitu kwa sababu ya aibu yake mwenyewe. Akakasirika, na hasira hiyo ilimsaidia kusema.

"Niliuona uzi," alisema. "Mwekundu. Ulikuwa unaning'inia mdomoni. Nilivuta ukakataa, nikaukata." Akamgeukia Bibi. "Mama, sikukanyaga mkia. Nyuzi zilikuwa zimejaa sakafuni. Nimeacha kuziokota siku nyingi. Nilijua huzioni. Nisamehe."

Bibi akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Fundi.

"Macho yangu ndiyo yaliyochoka, mwanangu," alisema. "Nyayo zangu bado zinaona. Kila asubuhi nazikanyaga nyuzi zako kutoka mlangoni mpaka dirishani."

"Mbona hukusema?"

"Nilisubiri ujirudi mwenyewe. Nami nilikosea kusubiri. Haya, waache watu wafanye kazi."

Mwalimu akampa mwanafunzi ishara. "Chini ya ulimi."

Kijana alimfungua Mkaguzi mdomo, na kwa kidole gumba akasukuma juu kutoka chini ya taya. Ulimi ukainuka. Chini yake, pale unapoanzia, kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu.

"Upo," alisema kijana.

Mwalimu akamsogeza Fundi karibu aone mwenyewe. "Uzi umejizungusha kwenye shina la ulimi, umenasa. Mwisho wake wa pili umeshapita tumboni, umeingia kwenye utumbo. Utumbo unausukuma utoke, lakini huku juu umefungwa. Sasa utumbo unafanyaje..." Alitafuta maneno.

"Unajikusanya," Fundi akasema polepole. "Kama marinda. Ukitaka marinda unapitisha uzi kwenye kitambaa, unashika mwisho mmoja, unasukuma kitambaa. Chote kinajikunja kwenye uzi."

"Hivyo hivyo kabisa. Na mtu akiuvuta kwa nguvu?"

"Uzi unakata kitambaa." Fundi akajiziba mdomo.

"Ndiyo, mama. Kwa hiyo hatuvuti, hata ukiona kipande kidogo, mdomoni au nyuma. Nyumbani hatukati pia, maana kipande kile ndicho kinachotuonyesha kwamba uzi upo. Hatumpi mafuta, wala dawa ya kumfanya aharishe. Tunamtia kwenye kapu, tunamleta siku hiyo hiyo."

Wakampeleka Mkaguzi kwenye eksirei. Picha ilionyesha utumbo umejikunja vile vile Fundi alivyosema. Wakamtundikia maji ya mshipani, kwa sababu alikuwa amekauka kwa kutapika. Kisha mwalimu akaeleza kinachofuata. Angelazwa kwa dawa ya usingizi, asisikie maumivu. Tumbo lingefunguliwa, uzi utolewe.

"Nani atakata?" Fundi akauliza.

"Nitakata mimi. Kijana atanisaidia. Mwishoni atashona ngozi ya juu, nami nitakuwa nimesimama hapo hapo."

Fundi akaitazama ile pini kwenye mkono wa koti. "Huyu?"

Kijana akauficha mkono nyuma.

"Ngozi anashona vizuri kuliko koti lake," alisema mwalimu, na Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi.

Fundi hakucheka. "Anaweza kufa?"

"Anaweza. Utumbo ukiwa umetoboka, hali itakuwa ngumu, sitakuficha. Tusipompasua, hatapona."

"Basi mpasueni," alisema Fundi. Akaweka sahihi.

Walingoja kwenye benchi la ukumbini. Mzee mwenye kuku aliondoka, mama mwenye mbwa akaondoka. Mume akaja mbio, rangi nyeupe bado ipo nyusini. Aliposikia habari za uzi na mapafu, alikaa chini.

"Mafuta nilimpa mimi," alisema.

"Na uzi nilikata mimi. Tutagombana nyumbani," alijibu Fundi. "Hapa tunangoja."

Mlango ulipofunguliwa, walisimama wote, hata Bibi. Mwalimu alikuwa mbele. Nyuma yake kijana alibeba bakuli dogo la chuma. Ndani yake mlikuwa na uzi mwekundu uliojisokota, mrefu kuliko walivyodhani.

"Yuko hai," alisema mwalimu. "Uzi ulikuwa umeanza kukwaruza utumbo, lakini haujatoboa. Mngekawia kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine."

Fundi alilia pale pale, waziwazi, mbele ya watu na wanyama wao.

Mkaguzi alibaki hospitalini siku chache. Kila Fundi alipokwenda kumwona, kijana alimweleza alichokula na jinsi alivyopumua. Kwa bahati, mafuta hayakuwa yamedhuru mapafu. Siku ya kumchukua, kijana alimpa maelekezo, kisha akamwomba ayarudie kwa kinywa chake mwenyewe.

"Chakula laini, kidogo kidogo," alirudia Fundi. "Kola hii pana asiivue, asije akalamba mshono. Akae ndani, asirukeruke. Dawa nimpe mpaka ziishe, hata akionekana amepona. Nitazame mshono kila siku. Ukivimba au ukitoa usaha, au akitapika, au akikataa chakula, nimrudishe."

"Na akionekana ana maumivu?"

"Nikupigie simu wewe. Nisimpe dawa yetu ya maumivu."

"Hata nusu kidonge, mama. Dawa ya binadamu ya kutuliza maumivu inaweza kumuua paka."

Siku ya kutoa nyuzi za mshono ilipofika, Bibi alikuja pia. Kabla kijana hajashika mkasi, Fundi aliinama akautazama mshono kwa jicho la kazi. Alikagua umbali kati ya fundo na fundo. Alikagua kama uzi umekazwa mno. Kijana alisimama wima, anangoja kama yuko kwenye mtihani.

"Ngozi haikukunjamana," Fundi alitangaza. "Umeshona vizuri, mwanangu. Sasa vua hilo koti."

"Koti?"

"Anayeshona hivi hatembei na pini."

Alitoa kibati chake cha sindano mkobani, akatunga sindano, akaupiga ule upindo pale pale. Alipomaliza, aliirudisha sindano kibatini, akainama, akaokota kipande cha uzi kilichodondoka sakafuni. Mwalimu alimwona, akashusha miwani yake.

Siku hizi chumba cha mbele kimebadilika. Nyuzi zinakaa kwenye droo inayofungwa. Mabaki yanakwenda kwenye kopo lenye kifuniko. Mteja akileta nguo na akataja kwamba ana paka au mbwa, hatoki bila kuambiwa: ukiona uzi, usivute. Muuza maziwa anasema Fundi ameanza kuuliza maswali kuliko wale wa chuoni.

Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kulia, Bibi anavua ndala zake mlangoni. Anatembea pekupeku, polepole, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Fundi anasimama kando na kungoja, kama enzi zile za ukwe mpya. Mkaguzi anamfuata Bibi nyuma, mkia juu. Tumbo lake lililonyolewa limeshaota manyoya.

Asubuhi moja Bibi alisimama katikati ya chumba. Akabonyeza sakafu kwa kidole cha mguu.

"Hapa," alisema.

Fundi akaja mbio. "Ni mmoja tu, Mama."

"Hata ule ulikuwa mmoja."

Fundi akainama, akauokota, akautia koponi na kukaza kifuniko. Ndipo Bibi akaenda kuketi, na Mkaguzi akapanda mapajani.